Mfuko wa Turubai

Bunduki yangu ya kulindia mtama dhidi ya nguruwe pori hufunguka vipande viwili: mtutu na kitako. Mfuko wa dukani ulitaka bei ya mbuzi mzima, nami naishi kwa pensheni. Nilinunua turubai Soko la Majengo, fundi cherehani akashona vyumba viwili, ndani akaweka blanketi kuukuu ili vipande visigongane. Vumbi la Dodoma limeshindwa.

Lakini nguo hushika unyevu, na unyevu huleta kutu. Nikifika nyumbani huitoa bunduki, huipaka mafuta na kuifungia kabatini. Risasi hukaa kwingine. Ndugu msomaji, nina wajukuu. Turubai huzuia vumbi. Mkono wa mtoto huzuiwa na kufuli.