Siku Macbeth Alipoacha Kuogopa

Kila mwaka nifundishapo tanzia, huanza kwa swali moja: ni kitu gani kilichomwangusha Macbeth? Wanafunzi wangu wa kidato cha tano hawachelewi. Mikono huinuka, na jibu huwa ni lile lile: "Tamaa, Mwalimu. Tamaa mbele, mauti nyuma." Kwa miaka kadhaa nililiandika jibu hilo ubaoni, nikalipigia mstari, tukaendelea na somo.

Mwaka jana msichana mmoja aketiye karibu na dirisha hakuridhika. Alisema, "Lakini Mwalimu, yeye mwenyewe alijua kuwa ni vibaya. Alijua kabla hajatenda. Mbona alitenda?" Darasa zima likanitazama. Nilisimama na chaki mkononi bila neno, kisha nikaahidi kulirejea swali hilo kipindi kijacho. Sababu ya kukwepa kwangu nitaieleza, ndugu msomaji. Kwanza tumtazame Macbeth.

William Shakespeare aliitunga tamthilia hii yapata mwaka 1606. Mwaka mmoja kabla yake iligunduliwa njama ya kulilipua bunge la London pamoja na Mfalme James, aliyetoka Scotland. Hivyo watazamaji wake waliijua vyema hofu ya mfalme kuuawa. Sisi wa Afrika Mashariki tuliipata kwa lugha yetu mwishoni mwa miaka ya 1960, Samuel Mushi alipoitafsiri kwa jina la Makbeth, wakati ule ule ambapo Mwalimu Nyerere alikuwa akitutafsiria Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.

Macbeth wa historia alitawala Scotland kuanzia 1040 hadi 1057, na Duncan aliyemtangulia aliuawa vitani. Jukwaani mambo ni tofauti. Duncan anauawa usiku, amelala, akiwa mgeni katika nyumba ya muuaji wake. Tofauti hiyo ni kubwa. Vitani adui humwona adui. Nyumbani mgeni hulala kwa sababu amemwamini mwenyeji.

Na Macbeth analijua hilo. Wageni wakiwa bado mezani, anajitenga na kuanza kuhesabu. Mfalme huyu ni jamaa yangu. Mimi ni raia wake. Tena ni mgeni wangu, nami ndiye ninayepaswa kuufunga mlango dhidi ya mwuaji. Isitoshe, ametawala kwa upole na bila doa. Upande wa pili wa mizani anaona kitu kimoja tu: hamu ya kupanda juu. Hesabu imekamilika, na anamwambia mkewe kwamba shauri hilo wasiliendeleze. Mkewe anauliza kama yeye ni mwanamume kweli. Baada ya mazungumzo mafupi, Macbeth amekubali.

Basi yule msichana alisema kweli. Hakuna alilokuwa halijui.

Sasa nieleze kwa nini nilikosa jibu. Miaka saba iliyopita, katika shule nyingine hapa Uganda, ukuu wa idara ya lugha ulikuwa wazi. Tulioutaka tulikuwa wawili: mimi, na mzee mmoja aliyenipokea nilipotoka chuoni na stashahada yangu mpya, akanifundisha kuandaa somo na kulituliza darasa la watu tisini. Ijumaa moja aliumwa. Akanikabidhi orodha ya alama za watahiniwa niifikishe kwa mkuu wa shule kabla ya saa kumi, ambayo ndiyo ilikuwa saa ya mwisho.

Niliiweka kwenye droo. Ningependa kusema kwamba nilisahau, na ndivyo nilivyosema baadaye kuhusu jambo lote: kwamba sikumbuki kupewa kitu. Lakini mchana ule niliifungua droo ile mara tatu, nikaiona, nikaifunga. Nilijua ni nani aliyenilea kazini, nilijua alikuwa mgonjwa, nilijua nini kingemfika. Mzee alipewa barua ya onyo kwa uzembe. Mwezi uliofuata nikateuliwa mimi. Naye akaomba uhamisho, akaondoka bila kuniaga.

Sikuua mtu. Hata hivyo, kilichonitisha nilipoisoma upya tamthilia hii ni namna mapigo ya moyo wake yanavyofanana na yangu. Mara tu baada ya kumuua Duncan, Macbeth anatoka chumbani akitetemeka. Amewasikia watu walioamka usiku wakisali kabla ya kulala tena, naye amejaribu kuitikia Amina, neno likamkwama kooni. Amesikia sauti ikimwambia kwamba hatalala tena. Amesahau hata kuviacha visu mahali pa tukio, na anakataa kurudi kuvipeleka. Mkewe anamcheka, kwake yeye, maji kidogo yatatosha kuisafisha mikono yao.

Nami mwaka ule wa kwanza sikulala vizuri. Kila nilipokalia kiti kile cha idara niliona aibu. Lakini mwaka wa pili nililala. Mwaka wa tatu nilikuwa nikiwasimulia wenzangu kwamba mzee yule alikuwa mzembe, na nilikaribia kuamini.

Hapo ndipo palipo na somo ambalo methali yetu haikulifikia. Tunamsoma Macbeth kana kwamba hatia ndiyo iliyomwangamiza. Mimi naona kinyume. Hofu ile ya usiku wa kwanza ilikuwa kitu cha mwisho kizuri alichobaki nacho. Angeisikiliza, angeweza kuanguka magotini na kukiri. Badala yake aliamua kuizima, na njia aliyoichagua ni kuendelea. Anaagiza Banquo, rafiki yake, auawe. Mzuka wa Banquo unapoketi kwenye kiti chake karamuni bado anapiga kelele kwa hofu, lakini usiku ule ule anasema kwamba amezama mno damuni, hata kurudi ni kazi sawa na kuvuka. Kisha anaamuru mke wa Macduff na watoto wake wauawe, watu wasiomtishia kwa lolote. Safari hii hatetemeki.

Mkewe anapita njia ya kinyume. Yeye aliyesema maji kidogo yanatosha anatembea usiku huku amelala, akisugua mikono isiyo na kitu, akilalamika kwamba manukato yote ya Uarabuni hayawezi kuiondoa harufu ya damu. Vilio vya wanawake vinaposikika ngomeni, Macbeth anasema kwamba karibu amesahau ladha ya hofu. Akiambiwa kuwa mkewe amekufa, hata machozi hana. Kwangu mimi, hapo ndipo alipokufa. Upanga wa Macduff ulikuja kumaliza tu.

Raia mwema ajifunze nini? Tunapochagua viongozi, iwe ni kiranja wa darasa au mbunge, huuliza kama mtu ana tamaa ya cheo. Kila agombeaye anayo. Tuulize kama bado anaweza kuona aibu, na kama wapo karibu naye watu wanaothubutu kumwambia neno. Macbeth alijaza majumba ya wakuu wenzake wapelelezi aliowalipa. Daktari aliyemsikia malkia akiropoka usingizini alielewa yote, akasema ana mawazo lakini hathubutu kuyatamka. Nchi yenye ukimya wa namna hiyo huwa imeshaanza kuugua.

Likizo iliyofuata swali la msichana yule nilipanda basi kwenda kwa mzee. Nilimweleza kila kitu, na zile mara tatu za droo. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Umekuja kuutua mzigo wako, mwanangu. Na wangu je?" Hakunifukuza, wala hakusema amenisamehe. Aliniomba jambo moja: nimwandikie mkuu wa shule ile, ili barua ya onyo isibaki peke yake katika faili lake.

Niliiandika usiku huo huo mezani pake, akaisoma, akanisahihisha kosa moja la tahajia. Niliipeleka mwenyewe. Nakala nilimpa mkuu wangu wa sasa, kwa kuwa hata hapa ukuu wa idara niliupata kwa sifa za kule. Mwezi huu nimeukabidhi kwa mwenzangu.

Msichana yule bado hajapata jibu lake, nami nilimwahidi. Jumatatu nitamwambia kwamba Macbeth alijua, ila kujua hakukumzuia. Kwamba aliogopa, na angeishika hofu ile kwa mikono miwili angepona. Nikiulizwa nimejuaje, nitajibu.