Bibi, sindano na maua ya manjano

Najua mlitegemea nirudi na siasa, lakini leo mnivumilie, nataka kuandika kuhusu kudarizi maua. Ndiyo, mimi, mwanamume mzima na ndevu zangu, nimekaa chumbani hapa Cardiff na sindano mkononi. Chekeni kwanza, nawasubiri.

Mmemaliza? Haya.

Huku Wales mwezi wa tatu ni mwezi wa dafodili. Ni ua la manjano, petali sita, na katikati kitu kama tarumbeta. Tarehe 1 Machi, siku ya Mtakatifu David, watu wanalibandika kifuani. Kwa Kiwelsh wanaliita cenhinen Bedr, yaani liki ya Petro, liki ile jamaa ya kitunguu. Mara ya kwanza kuona mafungu yake dukani, hayajachanua bado, nilidhani ni vitunguu majani nikapanga kukaangia mayai. Kumbe ni sumu! Wala si ushamba wangu peke yangu: mwaka 2015 idara ya afya ya Uingereza iliyaandikia maduka makubwa iyaombe yayaweke mbali na mboga.

Basi, baada ya miezi ya giza kuingia saa kumi jioni, asubuhi moja nikakatiza Bute Park nikakuta nyasi zote zimegeuka manjano. Nilisimama pale mpaka nikachelewa darasani. Nikamkumbuka Bibi.

Bibi yangu yuko Tanga. Mliokulia nyumba zetu mnazijua zile foronya nyeupe zenye maua na maneno "Usiku Mwema", na vitambaa vya makochi ambavyo ole wako uvikalie na miguu michafu. Bibi alivishona na kuviuza. Macho yalipoanza kuchoka mimi ndiye nikawa natunga uzi kwenye sindano, baadaye akanifundisha na kushona. Ukimpelekea kazi yako kwa mbwembwe halitazami hata hilo ua. Anasema, "Geuza." Anakagua upande wa nyuma. Akikuta mafundo na nyuzi zinaning'inia, unafumua, hata kama umekesha.

Na kama mabibi wengi, aliniita "mume wangu". Nikitoka shule: "Mume wangu, umeniletea nini?"

Siku hizi haniiti hivyo. Ana ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka jana nilipokwenda kumuaga aliniuliza taratibu, kwa adabu zote anazomwekea mgeni, mimi ni mtoto wa nani.

Sasa sikilizeni. Nikiwa natafuta habari za haya maua (kazi yetu ni udaku, hata kwa mimea) nikagundua kwamba ndani ya dafodili mnatoka kitu kinaitwa galantamini, na hiyo galantamini ni dawa ya Alzheimer. Kuna mashamba ya dafodili huku huku Wales, milimani, wanayalima kwa ajili hiyo. Moyo ulinilipuka. Usiku ule ule nikampigia daktari wa Bibi. Akanieleza kwa upole: dawa hiyo haiponyi, inawapunguzia dalili baadhi ya wagonjwa kwa muda, na wanapewa ugonjwa ukiwa mdogo au wa kati. Wa Bibi ulishavuka hapo.

Nikafikiria kumpelekea basi ua lenyewe. Nalo halitaki Tanga. Kitunguu chake lazima kipigwe baridi kwa wiki kadhaa ardhini ndipo kichanue, na Tanga baridi hiyo utaitoa wapi?

Ndiyo nikanunua kitambaa. Hiki ni cha vishimo, vyumba 14 kwa kila inchi, na kila chumba unakijaza kwa mishono miwili iliyopishana kama msalaba. Inchi moja ya mraba ni misalaba 196. Uzi una nyuzi 6 ndani yake, unachomoa 2 tu. Bibi alichora ua kwa penseli akashona. Mimi nahesabu vyumba kwenye karatasi kama karani. Tarumbeta peke yake imenila wiki nzima, maana manjano ya petali na manjano ya katikati si moja, ukikosea ua zima linakuwa kama yai.

Jumapili shangazi akamshikia Bibi simu, tukaonana kwa video.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mumeo."

Akacheka kidogo, cheko la kutokuelewa. Nikamwonyesha kitambaa. Akakiangalia kimya, muda mrefu, mpaka nikadhani simu imekwama.

"Geuza," akasema.

Nikageuza.

"Mh! Nani kakufundisha kuacha mafundo namna hii?"

Nilishindwa kumjibu. Shangazi akachukua simu, akasema Bibi anataka kulala.

Nimefumua petali mbili. Ya tatu naianza usiku huu.