Umri wa Mnazi

Chanzo cha safari ilikuwa chupa. Shemeji wa rafiki yangu alitoka Marekani na bourbon ya miaka sita, ya bei ya kawaida huko kwao, na jioni nzima pale Kimara tukafundishwa kuionja: tazama rangi, nusa taratibu, piga funda dogo, lizungushe ulimini, ngoja. Nilishangaa kusikia kwamba asili yake ni mahindi tu. Sheria yao inataka yasipungue asilimia 51 ya nafaka zote, kisha pombe ilazwe katika pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Rangi yote hutoka kwenye huo mti.

“Kinywaji bila umri si kinywaji,” shemeji alihitimisha. “Na nyie huku hamna cha kuzeesha.”

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, nimekulia penye wanzuki ya asali. Miaka tisa nimekaa Dar es Salaam na mnazi sijawahi kuuonja. Maneno yale yaliniwasha. Jumamosi iliyofuata nikabadilisha daladala Mbezi, na kabla ya saa nne asubuhi nikashuka Kibaha, Maili Moja.

Bodaboda alinipeleka kwenye kilabu chini ya mwembe. Kikombe cha plastiki, shilingi 500. Nikaanza masomo yangu ya Kimara: rangi, maji ya mchele, harufu, chachu ya maandazi iliyosahaulika. Nilipolizungusha funda ulimini, mama muuzaji akaacha kufuta meza akanitazama.

“Baba, unaumwa jino?”

Watu wakacheka. Ulikuwa mkali, mchachu, wenye kuuma kooni. Nikasema huu una nguvu lakini ladha imeuhama.

“Umelala, ndiyo maana. Huu wa jana jioni. Wanaokuja hapa wanataka uliolala. Ukitaka mtamu, mfuate mgema chini ya mnazi wake. Kwetu Kisarawe wapo.”

Nikarudi Mbezi, nikazungukia Kinyerezi hadi Gongo la Mboto, nikapanda gari la Kisarawe. Baada ya Pugu njia inapanda vilima, joto la jiji linabaki nyuma, na mikorosho na minazi inaanza kusogea barabarani. Kwa kuulizauliza nikamfikia mzee mmoja Mzaramo, amekaa anainoa kotama.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mwenyeji wa wapi?”

Nilipotaja Tabora akaangua kicheko. “Mtani! Babu zako wamepita Uzaramoni na pembe za ndovu mabegani, wakanywa wakaenda zao. Leo utalipa na deni lao.”

Saa kumi na moja alikwea kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina. Juu kule alikuwa amelifunga kamba karara kabla halijafunguka. Asubuhi na jioni hulikata ncha kidogo ili utomvu uendelee kudondoka kibuyuni. Akashuka na kibuyu, akanimiminia.

Sikuzungusha kitu ulimini. Ulikuwa mtamu, mwepesi, una mapovu madogo na kiharufu cha dafu.

“Una umri gani huu?” nikauliza.

“Wa chini kabisa ya kibuyu ni wa asubuhi. Wa juu ndio umedondoka sasa hivi. Unaonja mtoto na baba yake.”

Nikamuuliza mbona kibuyu hakisugui kikatakata. Akasema masalio ya jana ndiyo yanayouamsha wa leo. Kibuyu kipya hukawia. Nikalikumbuka lile pipa la Marekani, ambalo lazima liwe jipya. Hapa kinachozeeka ni chombo, kinywaji chenyewe kinahesabiwa kwa saa: huu wa jioni ni wa kukata kiu, ukifika usiku unachangamsha, kesho ni wa Kibaha, kesho kutwa haufai ila kwa achari. Nilipofungua mdomo kumpongeza, akainua mkono.

“Usinisifu, mtani. Unajua sisi wagema tukisifiwa tunafanya nini.”

Alinijazia chupa ya lita moja na nusu akanionya nisikibane kifuniko. Abiria wa jirani akalalamika harufu, nikakibana. Tukiingia Gongo la Mboto kikaruka, *paa!*, na konda akaoga mnazi. Nilimlipia nauli mara mbili.

Nusu iliyobaki ilifika Kimara saa tatu na nusu usiku, kali tayari. Shemeji akanusa, akapiga funda, akangoja.

“Si mbaya. Una miaka mingapi?”

Nikatazama saa ya ukutani. “Saa nne na nusu.”

Akaongeza kikombe. Jumatatu rafiki yangu alinipigia simu: masazo yamegeuka siki, mkewe ameyatia kwenye kachumbari. Ile bourbon ingali kabatini. Pombe ya namna ile ikishatiwa chupani haizeeki tena, kwa hiyo hata tukiiweka hadi wajukuu, itabaki na miaka yake ileile sita.