Kikulacho ki Nguoni

Mwanafunzi huyo wa mwaka wa tatu alikuwa amepata alama nzuri katika insha yake kuhusu sitiari ya kupe. Alikuwa ameeleza jinsi neno hilo lilivyotumiwa katika Tanzania ya Ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kumtaja mtu aishiye kwa jasho la wenziwe. Likizo ilipowadia, alirejea kijijini na karatasi hiyo mkobani, akakutana na kupe mwenyewe.

Simba, mbwa wa nyanyake, hakuja kumlaki. Alikuwa amejilaza kando ya ghala, ufizi umempauka, damu ikimdondoka puani. Masikioni na katikati ya vidole vyake kupe walikuwa wamevimba kama mbegu za mbarika.

"Niliwapaka mafuta ya taa, mjukuu wangu," nyanya alisema kwa unyonge. "Walitoka, kisha wakarudi."

Daktari wa mifugo alipofika kesho yake, alieleza kwamba mafuta ya taa humchoma mbwa ngozi bila kumwondolea maradhi. Kupe, ambaye ni wa jamaa ya buibui, huingiza katika damu ya mbwa bakteria waitwao Ehrlichia canis, ambao hushambulia chembe nyeupe, au vimelea vya Babesia, ambavyo hupasua chembe nyekundu. Binadamu naye hasalimiki, kwani kupe wa mbwa aweza kumwambukiza homa ambayo vitabu vya tiba huiita kwa jina la Kenya.

"Mbona walirudi?" nyanya aliuliza.

Daktari alionyesha nyufa za banda. Kupe wa mbwa hunyonya katika hatua tatu za maisha yake: akiwa lava mwenye miguu sita, akiwa tunutu, na akiwa kupe kamili mwenye miguu minane. Kila anaposhiba hudondoka na kujificha nyufani. Jike hutaga maelfu ya mayai humo. Kumwosha mbwa na kulisahau banda ni kutwanga maji kinuni.

Simba alianzishiwa doksisaiklini, dawa ambayo hutolewa kwa takribani majuma manne na huponya iwapo ugonjwa wa Ehrlichia umegunduliwa mapema. Kwake haikuwa mapema. Siku ya tatu hakuamka.

Jioni ya maziko, nyanya alimgeukia mjukuu. "Huko chuoni, kupe hamfundishwi?"

Mjukuu aliinamisha kichwa. Karatasi ilikuwa ingali mkobani, na alama zake nzuri.

Asubuhi alikanda udongo akaziba kila ufa. Jirani alipoleta mtoto wa mbwa, alimfunza nyanya kumkagua kila jioni, kumshika kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, kumvuta wima bila kumminya, kisha kunawa mikono. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wamezikagua nguo zao kwanza, ndipo wakaipata methali.