Bibi Yako Hakulea Peke Yake

Tanga, Jumapili

Mwanangu mpenzi,

Baba yako goti linamsumbua, lakini msikitini haachi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza baada ya sala ya alfajiri. Umeutuma saa tisa usiku, mdogo analia nyuma yako, na katika yote uliyosema lililonikaa ni moja: kwamba mama mkwe wako alizaa wanane na hakulalamika, wewe wawili tu wamekushinda. Nianzie hapo, maana naona hilo linakuumiza kuliko hata kukosa usingizi.

Kuzaa wanane, alizaa. Kuwalea peke yake, hapana, na ukimuuliza taratibu siku akiwa na raha atakwambia mwenyewe. Mimi shangazi yako nikueleze ya nyumba ninayoijua, ya bibi yako pale Ngamiani, ulikolelewa.

Mama yako, Mungu amrehemu, alipotoka hospitali na wewe hakugusa sufuria mpaka arobaini ilipotimia. Bibi aliamka kabla ya adhana akabandika maji ya kumkanda. Taulo zito lilichovywa humo, likakamuliwa likiwa linatoa mvuke, likakandamizwa kiunoni, tumboni, mapajani, mama yako akipiga kelele na bibi akimwambia anyamaze, majirani wamelala. Kisha alifungwa mkaja, akapewa uji wa pilipili manga, akaamriwa alale. Wewe uliletwa kunyonya tu, ukishiba unachukuliwa. Mimi nilikuwa sijaolewa bado, kazi yangu ilikuwa nepi, zile za kitambaa na pini, na maji ya bomba yalitoka asubuhi peke yake. Shangazi yako mkubwa alishika jiko. Mpangaji wa chumba cha uani, mama mmoja wa Kidigo ambaye hatuna naye hata chembe ya undugu, alikuwa anakubeba mgongoni huku akichambua mchele wake, kwa kuwa mgongoni kwake ulikuwa unalala. Kaka yako alikuwa na miaka miwili na wivu wa kung'ata watu. Alihamia kwa babu, akala naye, akalala naye, akaenda naye sokoni. Hesabu mwenyewe ni watu wazima wangapi hao kwa watoto wawili. Na bado mama yako alichoka! Nilimkuta siku moja amelala akiwa amekaa, bakuli la uji mapajani, kijiko mkononi.

Wewe huko Tabata uko mmoja, na wawili, ndani ya geti, mumeo, mkwe wangu, yuko zamu bandarini. Halafu unajipima na nyumba ile.

Wala usidhani ni desturi yetu ya pwani tu. Kule Ziwa Eyasi kwa Wahadzabe, mtafiti Mmarekani Kristen Hawkes na wenzake walikaa nao tangu miaka ya 1980, wakipima nani kachimba mizizi kiasi gani na uzito wa watoto unakwendaje. Wakaona kwamba mama akiwa na kichanga, muda wake wa kutafuta chakula unapungua, na hapo afya ya yule aliyeachishwa ziwa inafuata kazi ya bibi yake. Mabibi vizee wenye vijiti vya kuchimbia walikuwa juani saa nyingi kuliko wanawake wenye umri wa kuzaa. Hawkes akafika hata kusema huenda ndiyo sababu mwanamke anaishi miaka mingi baada ya hedhi kukoma. Wapo wataalamu wanaombishia. Mimi sibishi, napenda kuambiwa nina kazi.

Mkono mmoja haulei mwana: watu wanakuja kukupongeza, wanaisema hiyo, wanakunywa chai uliyopika wewe mwenyewe na mshono haujapona, wanaondoka. Akija mwingine akakuuliza, "Tukusaidie nini?" usijibu "Hamna shida." Mpe ndoo ya nguo. Au mpe mkubwa, amzungushe mtaani mpaka adhuhuri. Atakayechukia hakuja kusaidia.

Sasa nisikilize kama muuguzi, maana kliniki ya mama na mtoto nimeikalia mpaka nikastaafu.

Huyo mdogo hana kasoro. Mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini vipande vipande, kwa sababu maziwa ya mama yanasagika upesi tumboni na mwili wake haujajua usiku ni nini. Ndiyo kwanza ametimiza miezi mitatu, huu ndio wakati wanapoanza kujifunza, ingawa kila mmoja na mwendo wake. Na kunyonya kwa usiku si ukorofi, homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Kwa hiyo ule uji mwepesi unaoambiwa umpe ili alale, usimpe. Wala maji. Mpaka miezi sita ni ziwa tu. Mwambie mama mkwe ni shangazi, muuguzi, ndiye aliyekataza. Lawama nitabeba mimi.

Ukizidiwa na usingizi, usimnyonyeshee kwenye kochi. Najua ndiko unakokaa ili usimwamshe mkubwa. Mama akisinzia pale, mtoto anateleza kati ya mto na ubavu wake, anakosa hewa. Kitanda kigumu ni afadhali mara nyingi, bila mito wala blanketi karibu na uso wake, na akimaliza mlaze chali.

Lile ulilolisema kwa sauti ya chini, kwamba ulitamani kumtikisa, sikushtuka. Wamekuja kwangu wengi na neno hilo hilo, wengine wake za mashehe. Ila usimtikise kamwe; shingo haijakaza na ubongo wake unaweza kuvuja damu kwa ndani. Ikikupanda hasira, mlaze chali kitandani mwake, toka, funga mlango, kaa kibarazani, kunywa maji. Alie. Kilio cha dakika chache hakimuui.

Lakini kuna jambo nataka unijibu kweli. Huzuni ya siku za mwanzo inawapata wazazi wengi, na kwa kawaida haivuki wiki mbili. Wewe una miezi mitatu. Je, mdogo akilala, na wewe usingizi unakuja? Chakula kina ladha? Umewahi kufikiri ungekuwa haupo ingekuwa nafuu kwao? Kama jibu la hilo la mwisho ni ndiyo, usingoje nije: mpigie mkwe wangu sasa hivi, mwende hospitali leo, mwambie daktari kama ninavyokuandikia. Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa, una dawa, na ziko ambazo mama anayenyonyesha anaruhusiwa kutumia. Wasikupeleke kwanza kwa mtu wa makombe. Dua tutasoma, na hospitali utakwenda.

Na mkwe wangu nitaongea naye mwenyewe. Sheria ya Ajira ya 2004 ilimpa baba siku tatu, nazo amezimaliza kwa kupokea wageni. Wewe ulipewa siku 84, nazo zimekwisha. Ukirudi kazini kumbuka una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ziombe kwa maandishi, usiombe kama fadhila. Yeye akitoka zamu ya mchana, mkubwa ni wake: kuoga, kula, kulala. Na usiku mmoja katika wiki akuletee mtoto umnyonyeshe, amcheue, ambadilishe nepi, wewe usiinuke.

Haya ya wanawake sasa. Wazee walituambia ukimkaribia mume wakati unanyonyesha unambemenda mtoto. Hilo si kweli, manii hayaingii kwenye maziwa. Ila wale waliodhoofika tukawaita wamebemendwa, wengi mama zao walikuwa tayari wana mimba nyingine. Usifike huko. Uliza kliniki kuhusu kijiti au kitanzi kabla mdogo hajafika miezi sita, na usimtegemee mkwe wangu kwa ahadi zake.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Nitashuka stendi ya Magufuli, asihangaike kunifuata, nitachukua bajaji. Usipike, na usifagie kwa ajili yangu. Nitakaa mpaka mwandamo wa mwezi, kisha atabaki binti wa dada yangu, amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Hatakuja kama dada wa kazi, atakuja kama mdogo wako, na nauli yake naijua mimi. Nijibu kabla ya Alhamisi: kile chumba cha mbele kina chandarua? Kama hakina, nibebe changu.

Shangazi yako