Uso Hauhitaji Kuchomwa

Zamani ndugu zangu wa Bukene, wilayani Nzega, waliniomba simu na viatu. Sasa wanaomba retinoli. "Dada, ukija tuletee ile kali kabisa," mdogo wangu ameniandikia, na ni huo ukali ninaotaka kuuzungumzia, kwa sababu naona unawaumiza watu ninaowapenda.

Retinoli ni aina ya vitamini A. Ikipakwa, ngozi huigeuza kuwa asidi ya retinoiki, nayo huharakisha seli mpya kupanda na zilizochoka kubanduka, tena huchochea kolajeni. Chunusi hupungua, makunyanzi hulainika, madoa hufifia. Sifa zake ni za kweli. Lakini majuma ya mwanzo ngozi hukauka, huwasha na kubanduka, na kwa mwenye ngozi inayodhurika upesi taabu hiyo inaweza isiishe. Maelezo mengi ya huku Uingereza husema utajua umezidisha ukiona uso umekuwa mwekundu. Kwenye uso wa Mnyamwezi wekundu huo ni vigumu kuuona. Sisi hujua baadaye, pale palipowaka panapobaki na baka jeusi, kwa sababu ngozi yenye melanini nyingi ikichokozwa huzidisha rangi. Mtu alianza na doa moja, sasa ana matano, na dawa anaongeza.

Hapa Sheffield ninapoishi, krimu nyingi za aina hii huandikwa kiasi cha dawa kilichomo. Majirani zetu wa Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2024, wameweka kikomo cha retinoli: asilimia 0.3 kwa vipodozi vya uso na 0.05 kwa losheni ya mwili. Tretinoini, ambayo ina nguvu zaidi, hapa haitoki bila cheti cha daktari; haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, vilevile. Na mfamasia huuliza kama una mimba, maana dawa za jamii ya vitamini A wajawazito hushauriwa waziache.

Nyumbani sheria zipo. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi ulitoka mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ukahamia shirika la viwango, TBS. Hata hivyo mkorogo, yaani mchanganyiko wa kujichubua, bado unachotwa kwenye makopo yasiyo na jina, na anayeuza humsifia mteja jinsi unavyochoma. Wilaya yetu ya Nzega ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, na kila anayeishi karibu nao anajua zebaki ni kitu cha kuogopwa. Zebaki hiyohiyo ikiwa ndani ya krimu hupenya ngozi na kuharibu figo. Sioni kwa nini tuiogope kwenye karai la mchimbaji halafu tuikaribishe mashavuni.

Basi mwenye ngozi isiyostahimili afanye nini? Huku jina linalosikika sana ni bakuchioli, inayotokana na mbegu za mmea wa babchi wa India. Jaribio lililochapishwa kwenye jarida la madaktari wa ngozi la Uingereza lilifuatilia watu 44 kwa wiki 12: wengine walipaka bakuchioli ya asilimia 0.5 mara mbili kwa siku, wengine retinoli ya kiasi hichohicho mara moja. Makunyanzi na madoa yalipungua kwa kulingana, ila waliopaka retinoli walibanduka na kuchomwachomwa zaidi. Ni jaribio dogo, sitalikuza kupita kimo chake. Ninachosisitiza ni tahadhari moja: mbegu za babchi zina pia psoraleni, kemikali inayoifanya ngozi iungue ikipigwa na jua. Bakuchioli iliyosafishwa imetenganishwa nayo. Unga au mafuta ghafi ya babchi hayajatenganishwa. Bukene iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Unga huo usikaribie uso wa mtu huko. Ndimu nayo ina kemikali za jamii hiyo, kwa hiyo wanaosugua madoa kwa ndimu kisha wakaenda shambani wanajiunguza bila kujua.

Kwa madoa yetu meusi mimi naamini zaidi niasinamaidi, yaani vitamini B3. Inapunguza rangi inayohamishwa kutoka seli zinazoitengeneza kwenda seli za juu, na inaimarisha ukuta wa ngozi. Asilimia 4 au 5 inatosha. Kisha kuna asidi ya azelaiki, inayopatikana hata kwenye ngano na shayiri. Inatibu chunusi na madoa kwa pamoja, na madaktari huiruhusu kwa wajawazito. Hapa hadi asilimia 10 unanunua mwenyewe. 15 na 20 ni kwa cheti.

Lakini lililonifurahisha kuliko yote limefanyiwa kazi katika mji huu ninaoishi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walichapisha jaribio la watu wazima 19 waliopakwa matone ya mafuta mikononi kwa wiki kadhaa. Mafuta ya zeituni, yanayosifiwa kila mahali, yalidhoofisha ukuta wa ngozi. Mafuta ya alizeti hayakuudhoofisha, tena yaliongeza unyevu. Alizeti! Mafuta ambayo mama hununua kwa lita ya kuungia mboga. Hayaondoi kunyanzi, nisimdanganye mtu, ila ngozi iliyokwisha kuchokozwa huhitaji kutulizwa kabla ya dawa yoyote. Yawe mapya, hayajakaangiwa, na yasiwe yale ya chupa zinazopangwa juani kandokando ya barabara ya Singida, kwani joto na mwanga huyaozesha. Asali yetu ya miombo nimeona wazee wakiiweka kwenye vidonda, na hospitali za huku hutumia asali iliyosafishwa maalumu kwa kazi hiyo. Kwenye madoa ya uso siitegemei.

Halafu jua. Krimu yoyote ya madoa bila kinga ya jua ni fedha iliyotupwa. Moshi wanatengeneza KiliSun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ushahidi kwamba kinga nzuri inaweza kutoka mikononi mwetu. Asiyeipata kinga ya kupaka avae kofia pana au ajitande kanga.

Mdogo wangu nimemjibu hivi: aache kila kinachochoma, apake alizeti usiku hadi uso utulie, ndipo aanze niasinamaidi nitakayomletea, kwanza kidogo chini ya taya kwa wiki nzima. Na shoga yake mwenye mimba ya miezi mitano, anayetaka kugawiwa chochote kitakachokuja, akienda duka la dawa muhimu aseme ana mimba hata kama hajaulizwa.