Kumtafuta kameraman Yangambi

Miaka ya 1990, mtu wa Yangambi akitaka picha za ndoa au za matanga hakuchagua kameraman. Aliulizia tu nani ana kamera. Kisangani walikuwepo wachache, kila mmoja na mashine yake ya kubeba begani, mkanda wa VHS ndani, na bei aliyojipangia mwenyewe kwa kuwa mwenzake yuko safarini au kamera yake imekufa. Unamlipia nauli, unamlisha, unamtafutia mafuta ya jenereta ili achaji betri, naye anashuka na mto Kongo kilomita mia hivi hadi kwetu. Akichelewa, harusi inamngoja. Niliwahi kuona maharusi wakitolewa kanisani na kuingizwa upya ili mkanda uwaone. Hakuna aliyenung'unika. Kujiona kwenye televisheni ya jirani kulitosha.

Kamera zenyewe hatukuanza kuziona juzi. Mwaka 1951 John Huston alipiga sehemu ya *The African Queen* kwenye mto Ruiki, kusini mwa Kisangani, na *The Nun's Story* ya Fred Zinnemann, iliyotoka 1959, ilipigwa kwa sehemu Kisangani penyewe, enzi ilipoitwa Stanleyville. Hapa Yangambi, Wabelgiji walipoweka makao ya INEAC, taasisi yao ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa 1933, michikichi na kahawa robusta ya mashamba ya majaribio ilipigwa picha kwa bidii. Watu waliosimama kando ya miche hiyo mara nyingi hawana majina. Mche una jina, tena la Kilatini.

Baadaye simu zilijaa, na kila kijana mwenye simu akawa kameraman. Wakati huohuo wageni waliongezeka. Mwaka 2020 ulisimamishwa mnara wa CongoFlux, mita 55, unaopima hewa inayopita kati ya msitu na anga, na kila aliyekuja kuuona alikuja na droni. Vyama vyetu vya wakulima na vya akina mama wanaokausha samaki navyo vikaanza kudaiwa video na wafadhili, kana kwamba ripoti haitoshi. Mimi ni mwalimu, basi kamati ya vyama hivyo ikanitwika kazi ya kutafuta mpigaji. Sasa wenye kamera walikuwa wengi, ikabidi kujua nani anaweza.

Sikuangalia tena ukubwa wa mashine. Nilimpeleka mtu ufukweni saa sita mchana, nikamwomba ampige mama mmoja aliyeupa mto mgongo. Kamera ikiachwa ijiamulie, inafuata mwanga wa maji, na uso wa mama unageuka kivuli kisicho na macho. Asiyejua kazi anasema jua ni kali, turudi jioni. Anayejua anamgeuza mama, au anaufungua mwanga kwa mkono na kukubali mto uwe mweupe, maana hatukuja kuupiga mto. Msituni tabu ni nyingine: chini ya miti mikubwa saa tisa ni kama magharibi, halafu jani moja lililopata jua linawaka katikati ya picha.

Jaribio la pili lilikuwa sauti, na hapo ndipo wengi walianguka. Walokele wa mto wetu wana ngoma ya mti uliochimbwa ndani, lokole, ambayo mmisionari John Carrington wa Yakusu aliiandikia kitabu mwaka 1949. Ina milio miwili, wa juu na wa chini, inayofuata kupanda na kushuka kwa maneno ya lugha yao. Mikro ya simu inaumeza mlio wa chini, na kati ya pigo na pigo mashine inajipandishia sauti yenyewe, ukaja kusikia nyenje na watoto kuliko ngoma. Nilimsikilizisha mzee mmoja rekodi ya namna hiyo. Alicheka: «Huyu anasema nusu.»

Kuna pia adabu, ambayo hakuna kifaa cha kuipima. Kijana mmoja alimwambia mama aliyekuwa akipanga samaki juu ya moshi, «Mama, rudia tena, tafadhali.» Akarudia. «Tena, Mama.» Mama akamtazama: «Mwanangu, samaki ameshaiva. Nirudie nini?»

Kilichotubadilisha zaidi ni filamu ya mtoto wa Kisangani, Dieudo Hamadi, *En route pour le milliard*, ya 2020. Aliwafuata wahanga wa vita vya siku sita vya Juni 2000, Rwanda na Uganda zilipopigania mji huo, wakishuka mto hadi Kinshasa kudai fidia. Boti iendayo Kinshasa haina njia nyingine, hupita mbele ya ufuko wetu. Hamadi hushika kamera mwenyewe na kukaa na watu mpaka wamsahau. Baada ya kuiona, wanakamati walianza kumwuliza kila mpigaji: utalala hapa siku ngapi kabla ya kuiwasha hiyo kamera?

Na montaji itafanyiwa wapi, na nani? Swali hilo lilitokana na timu moja iliyompiga mzee akiongea Kiturumbu, ikaondoka na kila kitu. Alisema: «Msitu uhifadhiwe, lakini mtuambie tutalima wapi.» Video iliporudi, mzee alikuwa anasema msitu uhifadhiwe, kisha muziki. Tangu hapo mkataba wetu unaandika mambo mawili: nakala ya picha zote, hata zisizotumika, ibaki Yangambi, na anayeijua lugha akae kando ya anayekata.

Masharti hayo yana bei. Aliyeyakubali mwisho ni binti kutoka Kisangani, na alidai karibu mara mbili ya wengine, na avansi juu. Papa mweka hazina alilalamika wiki nzima kwamba kwa fedha hizo tungenunua simu yetu. Tulimlipa. Kazi ameileta, mzee anasikika mpaka neno la mwisho, na diski ipo. Ubishi uliobaki ni itunzwe kwa nani: akina mama wa samaki wanasema kwao, wakulima wanasema kwao, nami nimesema popote isipokuwa shuleni, kwa sababu paa linavuja.